Sifa za Wasomao Mwangwi

Asimamaye Majanji, upande wa Uganda, akaelekeza uso Sio Port ng'ambo ya Ghuba ya Berkeley, hutazama maji ambayo mto Sio umeyatia udongo na mwani umeyatia ukijani, hata jicho halipenyi humo ila kina kidogo. Katika bahari safi, kama ile ya Shelisheli ambako mwaka 2019 watafiti walishusha kamera vilindini, mtaalamu hukaa mbele ya filamu akaandika juu ya kila sehemu alichokiona: matumbawe, mchanga, sifongo. Ziwa letu la Viktoria halitoi fursa hiyo. Basi wanaolichunguza wameitumia sauti mahali pa nuru, na ustadi wa kuisoma ndio ninaokusudia kuusifu.

Chombo kilichofungwa melini hupeleka chini sauti fupi, iendayo majini yapata mita 1,500 kwa sekunde, hata ikute kibofu cha hewa kilichomo ndani ya samaki na kurejea. Na marejeo hayo, yakipangwa mfululizo, huwa picha ya rangi. Tangu 1999 taasisi za Jinja, Kisumu na Mwanza zimelipima hivyo ziwa la nchi tatu.

Walakini picha hiyo ni bubu mpaka apatikane wa kuitia alama. Sangara aliye pekee huacha upinde mdogo. Omena, ambao upande wa Uganda huitwa mukene, mchana hushikamana makundi na usiku hutawanyika wakapanda juu. Mapovu ya gesi yatokayo topeni huchora mshazari, na asiyezoea huyahesabu kuwa samaki. Yampasa msomaji tena ajue majira, kwani iko miezi ambayo maji ya chini hukosa hewa, na utupu aonao hapo si kasoro ya chombo, bali samaki wamepahama.

Lililo gumu kupita yote, nami naliona kuwa ndiyo roho ya kazi, ni kuchora mstari wa sakafu. Kompyuta huuchora kwanza, ila hukosea kwenye miteremko na tope laini, na msomaji hana budi kuupitia wote akiurekebisha kwa mkono. Kwa kuwa mwangwi wa sakafu unazidi nguvu mwangwi wa samaki, mstari ukishuka kidogo chini ya haki yake, tope huhesabiwa kuwa sangara, na serikali tatu zikaamini utajiri usiokuwapo. Ukipandishwa mno, samaki walalao karibu na tope hufutwa kana kwamba hawakuumbwa.

Watu wa Busia na Tororo wanaujua uzito wa mstari. Ule wa mpaka wa Kenya na Uganda, uliohamishwa mwaka 1902 na kuainishwa mwaka 1926, uliwagawa Wasamia na Wateso, ukachorwa na watu waliokuwa mbali, wasiowauliza wenyeji. Huu wa majini hauchoriki kwa mbali. Mwenye kuuchora hurudi mwangwi kwa mwangwi, akasita, akalinganisha na kina cha jirani, akafuta alichokiandika asubuhi, na kwa subira hiyo namheshimu.

Natamani kazi hii ifundishwe kwa vijana wa Majanji na Port Victoria, ambao baba zao, kwa nyavu zilizokwama na nyavu zilizorudi na tope, wamekwisha kujua mahali mwamba unapokoma.