Jeli ya Trisini: Vipande Vidogo Vimeonekana!

Jamani, kama bado unalinganisha vipande vya protini kwa jeli ya kawaida ya glisini, weka pipeti chini unisikilize. Nimeijaribu jeli ya trisini kwa mara ya kwanza na nimekubali: si mchezo! Watafiti Schägger na von Jagow waliichapisha tangu 1987. Sijui nilikuwa wapi.

Nimeipa mtihani mgumu makusudi: OmpA, protini ya utando wa nje wa bakteria Escherichia coli. Ina asidi amino 325. Zile 171 za mwanzo hujikunja kuwa pipa lililozama ndani ya utando. Zilizobaki ni mkia unaoning'inia upande wa ndani. Tia tripsini, kimeng'enya kinachokata protini: mkia unaliwa, pipa linasalimika, kipande cha kilodaltoni 24 hivi. Lakini ikunjue kwanza protini kwa urea, uone! Tripsini inalichanachana hata hilo pipa.

Hapo ndipo jeli ya glisini hutuangusha. Vipande vidogo hung'ang'aniana na sabuni ya SDS mbele kabisa, vikaishia kuwa doa moja la ukungu. Ioni za trisini kwenye bafa zinakwenda kasi kuliko za glisini, kwa hiyo vipande vinaachana na sabuni mapema, kila kimoja kikashika nafasi yake.

Matokeo? Weee! Rangi ya Coomassie ilipotoka: njia ya kwanza, protini nzima, mstari mnene kwenye kilodaltoni 35. Ya pili, iliyotiwa tripsini bila urea, mstari umeshuka hadi 24. Ya tatu, ile ya urea na tripsini, 24 haipo kabisa, na huku chini vijistari vimepangana kimoja kimoja pale nilipozoea kuona ukungu!

Angalizo: chemsha sampuli. OmpA isiyochemshwa hubaki imejikunja hata ndani ya SDS, ikashuka na kujifanya ya 30.

Kasoro zipo. Jeli yenyewe inakwenda polepole, na vipande vidogo sana huponyoka wakati wa kuosha usipovigandisha vizuri kwanza. Tena, vipande viwili vya ukubwa mmoja vitaonekana kimoja. Kuvitambua ni kazi ya spektrometa ya masi.

Kwa protini nzima, jeli ya glisini, ile ya Laemmli ya 1970, inatosha na haichukui muda. Kwa vipande? Trisini, bila kupepesa macho!