Soma Mahali Inaponata

Mng'ao ndio unaouza samani, na hakuna seremala asiyelijua hilo. Shida ni kwamba vanishi mbichi hung'aa kuliko iliyokomaa. Meza iliyopigwa mkono wa mwisho wa vanishi jana jioni itakuvutia kuliko ile iliyokaa bandani wiki tatu. Basi ukifika kwa fundi pale Bigwa, Morogoro, kutafuta kabati au kitanda, macho yape mapumziko, utangulize kidole gumba.

Kibonyeze mahali pasipoonekana, chini ya ukingo wa meza au nyuma ya mguu, ukiache hapo kidogo, kisha ukiinue taratibu. Kikitoka kwa kubanduka, au kikiacha mistari yake, vanishi imekauka ngozi ya juu tu. Ukucha husema zaidi: kwenye vanishi iliyokomaa hauachi kitu, au huacha mstari hafifu, ilhali kwenye mbichi huchimba bonde. Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kipande cha msasa namba 320. Omba ruhusa ukiburuze mara mbili tatu upande wa chini. Ikitoka vumbi jeupe linalopeperuka ukilipuliza, imekomaa. Ikijiviringisha vipunje na kuziba msasa, haijakomaa, hata fundi aape vipi. Fundi anayejiamini hakatai kipimo hiki. Anayekataa amekwisha kukujibu.

Fungua na droo, uingize pua. Vanishi ya mafuta hukomaa kwa kuvuta oksijeni, na ndani ya droo iliyofungwa hewa ni haba, kwa hiyo harufu na mnato vinaweza kukaa humo miaka. Seremala makini huacha ndani ya droo mbao tupu, au hupiga shelaki nyembamba. Ukikuta droo imemiminiwa vanishi nzito ndani na nje, jua umekutana na mtu aliyetaka kupendeza kuliko kufanya kazi.

Sasa tuseme imenata. Kabla ya kumlaumu mtu, chunguza inanata wapi. Hapa ndipo mjuzi anapoachana na mnunuzi wa kawaida, kwa sababu mahali inaponata pana habari nyingi kuliko mnato wenyewe.

Ikinata sehemu ya kiini cha mbao, ule upande mweusi, huku upande mweupe wa nje ukiwa mkavu kabisa, kosa si la hali ya hewa wala la kopo. Ni la mti. Mpingo ni wa jamii moja na ile miti ya thamani ya India na Brazili ambayo mafundi wa huko wamehangaika nayo kwa muda mrefu: kiini chake kina kemikali zinazozuia vanishi ya mafuta isishikane na oksijeni. Mvule una yake, iitwayo klorofori. Msaji, ambao Morogoro tunaupata kutoka mashamba ya Mtibwa na bonde la Kilombero, una mafuta yake ya asili yanayoufanya usiogope mvua wala mchwa, na mafuta hayo hayo huichelewesha vanishi. Ni ajabu ya biashara hii kwamba mti unaosifiwa zaidi ndio unaomsumbua fundi zaidi, na kwamba paini ya Sao Hill, inayodharauliwa, hukausha vanishi bila maneno. Isipokuwa kwenye vifundo. Paini ikinata kwenye vifundo peke yake, ni utomvu unaopanda juu.

Ikinata kwenye mikono ya kiti na pale kichwa kinapoegemea, na kiti ni cha zamani, hapo vanishi ilikomaa vizuri siku zake. Jasho na mafuta ya mwili yameilainisha upya. Ikinata kwa umbo la mstatili katikati ya meza, tafuta kitambaa cha plastiki. Plastiki laini ya kutandika mezani ina mafuta ya kuilainisha, nayo huhama taratibu na kuingia kwenye vanishi iliyo chini yake.

Na ikinata kote, sawasawa? Hapo rudi kwa fundi na makopo yake. Kuna vanishi iliyozeeka dukani hadi dawa yake ya kukausha ikapungua nguvu. Kuna iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa badala ya tapentaini, kwa kuwa mafuta ya taa ni rahisi. Huvukiza polepole na kuacha unyevu wa mafuta unaokataa kuondoka. Kuna mikono iliyopigwa minene, wa pili juu ya wa kwanza ambao haujatulia, hata ngozi ya juu ikafunga na kuunyima hewa ule wa chini. Kuna vanishi ya makopo mawili iliyotiwa hadena kwa kukadiria. Hiyo haingojewi, haitakomaa kamwe. Kuna shelaki iliyokaa kwenye spiriti zaidi ya mwaka, ambayo hupoteza uwezo wa kuwa ngumu. Dawa yake ni kutonesha tone kwenye kioo kabla ya kazi: likibaki laini kesho yake, mwaga.

Hali ya hewa nayo isisahaulike, hasa chini ya milima ya Uluguru. Saa za kukauka zilizoandikwa kwenye kopo zinahesabiwa kwa joto la nyuzi 23 hadi 25 na hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hivi. Miteremko ya mashariki ya milima hiyo hupokea zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa ya banda la Bigwa si hewa ya kwenye kopo. Laka iliyopigwa siku ya mvua huota ukungu mweupe. Vanishi ya mafuta huburuta miguu. Mimi kazi ya kuagiza huiagiza Juni. Fundi aliyefunzwa, awe ametoka Chuo cha Maendeleo ya Wananchi hapo hapo Bigwa au amejifunzia kwa babu yake, utamtambua kwa kibao cha majaribio: kipande cha mbao ile ile, kimepigwa vanishi ile ile, kinangoja ukutani kabla meza yenyewe haijaguswa.

Katika kutibu, jambo la kwanza ni kutokuongeza mkono mwingine juu ya mnato. Kuongeza huko ndiko kunakofanywa mara nyingi, na ndiko kubaya kuliko yote. Kama ni vanishi ya mafuta na sababu ni unene au masika, ipe hewa inayotembea na joto la kivulini kwa wiki mbili. Usiianike juani: jua hufunga ngozi ya juu haraka zaidi na kutoa malengelenge. Ikianza kutoa vumbi kwenye msasa, iache iendelee yenyewe. Isipobadilika, ivue.

Kuvua si fedheha. Shelaki huondoka kwa spiriti na kitambaa, laka kwa tina. Vanishi ya mafuta ambayo haijakomaa nayo hulainika kwa tina, kisha hukwanguliwa kwa ukingo wa kioo kilichovunjika, kifaa cha bure ambacho mikono mizuri hukitumia kwa ustadi wa kushangaza. Kwa mpingo, mvule na msaji, ukishafika kwenye mbao tupu, futa kiini kwa tina au asetoni hadi kitambaa kisichukue rangi tena, halafu usikawie: mafuta ya ndani hupanda juu upya. Papo hapo piga mkono mwembamba wa shelaki iliyoondolewa nta, ukauke, ndipo vanishi ije juu yake. Shelaki hukauka kwa spiriti kuvukiza tu, haihitaji oksijeni, kwa hiyo kemikali za mti haziipati. Vifundo vya paini huzibwa hivyo hivyo. Mikono ya kiti cha zamani huoshwa kwa tapentaini kwanza. Ikibaki laini, vua sehemu hiyo peke yake.

Matambara yaliyofutia mafuta ya linsidi au vanishi ya mafuta yasikunjwe na kutupwa pembeni penye maranda. Yanapokauka hutoa joto, na yakirundikwa yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Na meza mpya ikifika nyumbani, hata kama imefaulu gumba, ukucha na msasa, kwa mwezi wa kwanza itandike kitambaa cha kufuma au uiache wazi. Kile cha plastiki kikae kabatini.