Baiskeli Kuukuu: Ipi Ifufuliwe, Ipi Ikatwe Vipuri

Muuzaji wa baiskeli kuukuu huanza na nembo. Atapangusa kwa kidole yule ndege mwenye shingo ndefu aliyebandikwa shingoni kwa mbele, chini ya usukani, kisha aseme, “Mzee, hii ni Raleigh ya Nottingham, orijino.” Msikilize kwa adabu, halafu ipindue baiskeli matairi yaangalie juu. Nembo ni kipande cha bati tu, nacho huhama fremu hata fremu kabla chai haijapoa. Hata uma wa mabomba pacha, ambao wazee walitumia kuitambua Humber kwa mbali, usiupokee kama ushahidi peke yake, kwa kuwa uma nao hubadilishwa.

Swali la kwanza ni hili: baiskeli hii ilikuwa ikifanya kazi gani? Njia ya kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi, hadi Lilongwe ina kilomita arobaini na kitu, na baiskeli zinazoonekana humo ni watumwa wa mizigo. Zipo za kabaza, zinazobeba abiria kwenye keria. Upande wa pili wa Lilongwe zipo zinazoshusha kuni na mkaa kutoka msitu wa Dzalanyama, na mzigo hupangwa hadi ukampita mwendeshaji kimo. Fremu ya mkaa hata ikipakwa rangi mpya ina siri zake. Nyingine ilikuwa ya mwalimu au karani, ikaegeshwa ukutani miaka mingi kwa kukosa tairi. Hiyo ndiyo ya kutafuta, ijapokuwa kwa macho ni mbaya kuliko ya kwanza.

Uharibifu wa mzigo unajulikana kwa mahali ulipo. Tazama pale kiti kinapokutana na vyuma vyembamba vinavyoshuka kwenye gurudumu la nyuma, kisha pale ekseli ya nyuma inaposhikwa. Ukikuta kipande cha nondo kimechomelewa ili kutia nguvu, ujue chuma cha asili kilishasalimu amri. Fremu za zamani za Kiingereza, na za Kihindi zilizofuata mtindo wake, ziliungwa kwa kola na kuyeyushiwa shaba, kazi ya moto wa wastani. Fundi anayekuja baadaye na umeme wa kuchomelea huunguza bomba jembamba, na ufa hauchelewi kuzaliwa kandokando ya kovu. Kovu moja kwenye keria halinisumbui. Kovu shingoni, hapana, hiyo haifufuki tena.

Shingo inastahili muda wako zaidi ya sehemu nyingine yoyote. Pitisha kidole chini ya bomba linaloshuka kutoka shingoni kwenda kwenye pedali, upana wa vidole viwili nyuma ya kola. Ukihisi mkunjo mdogo kama wimbi, au rangi imepasuka kwa mstari wa kukingama, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele. Simama ubavuni uangalie uma: unatakiwa kuendeleza mstari wa shingo moja kwa moja kabla haujaanza kupinda kuelekea mbele. Uliorudi nyuma umepigwa. Uma hupatikana mwingine. Bomba lililokunjamana ni mwisho wa mazungumzo.

Kisha omba uzi. Funga ncha moja pale ekseli ya nyuma inapokaa upande wa kushoto, upitishe mbele ya shingo, urudi hadi upande wa kulia, ukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita mbili tatu fundi mzuri anainyoosha. Ikizidi sentimita, baiskeli itakwenda kama kaa maisha yake yote. Muuzaji atacheka kuona uzi. Acheke.

Kutu inawatisha watu kupita kiasi. Malawi haina bahari, na maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo kutu ya huku mara nyingi ni ya juu juu. Fremu iliyozeeka Tanga au Mombasa huliwa kwa ndani na hewa ya chumvi, na hapo rangi safi si dhamana. Rangi nyeusi ya zamani yenye mistari ya dhahabu iliyofifia, mimi siigusi. Mafuta na kitambaa vinatosha. Anayewahi kupaka rangi mpya mara nyingi anaficha kovu.

Sasa vipuri, na hapa ndipo nembo inapopata maana, tena kinyume na anavyodhani muuzaji. Kiwanda cha Raleigh kilikata nyuzi za skrubu kwa kipimo chake chenyewe: 26 kwa inchi pale vikombe vya ekseli ya pedali vinapoingia, wakati kipimo cha kawaida ni 24. Kikombe cha kawaida hakitaingia, na fundi mwenye haraka atakilazimisha hadi aharibu fremu nzima. Kwa hiyo hakikisha vikombe vya asili vimo na njia ya gololi haina mashimo. Ikiwa na habu ya gia ya Sturmey-Archer, sugua ganda lake: mara nyingi mwaka umegongwa hapo, na huo ni ushahidi bora wa umri kuliko maneno ya mtu, mradi gurudumu halikubadilishwa.

Tairi lisikutie hofu kama ni la inchi 28 kwa moja na nusu, lenye namba 635 ubavuni, kwa sababu baiskeli za India na China za mtindo huo zinatumia hilo hilo. Ogopa baiskeli nzuri za mitumba kutoka Ulaya zenye vipimo vya ajabu. Utazipaka mafuta kila Jumamosi bila kuzipanda.

Breki za vyuma hutazamwa haraka: je, viungo vyote vipo? Wengi huvitoa wakafunga breki kwa soli ya kiatu. Spoku, mnyororo, pedali na gololi usivihesabu kama kasoro. Viandike tu bei yake. Mkazi wa Dzaleka haruhusiwi kuishi wala kufanya kazi nje ya kambi apendavyo, hivyo safari ya Lilongwe kufuata kipuri kimoja kilichosahauliwa ni gharama yenyewe. Orodha ikamilike kabla fedha haijatoka mfukoni.

Hukumu yangu: fremu nyoofu isiyochomelewa shingoni, vikombe na habu zisizo na mashimo, inunue hata kama haina matairi wala kiti. Ikikosa kimojawapo, ichukue kwa bei ya vipuri tu, na muuzaji asipokubali, mwachie.