Fundi wa Mfupa na Jiwe

Kariakoo ina fundi wa kila kitu. Ukitoka Mtaa wa Kongo mpaka Msimbazi utampata wa saa, wa cherehani, wa redio, na kijana anayefungua simu kwa bisibisi nyembamba huku wateja wamemsonga mabegani. Anayekosekana ni fundi wa kutoa mfupa kwenye jiwe. Nataka kumsifu huyo, kwa sababu nchi hii imewahi kuwa naye, tena bingwa.

Mfupa uliokaa ardhini miaka milioni 150 si mfupa tena. Maji yenye madini yamepenya kila kitundu chake hadi ukawa jiwe, na umezungukwa na jiwe jingine, mchanga na tope la kale vilivyoshikana. Kwa hiyo kazi yote ni kutenganisha jiwe na jiwe. Fundi hutazama badiliko dogo la rangi, husikiliza mkono wake unapokutana na ugumu tofauti, kisha huondoa punje baada ya punje kwa patasi, sindano na burashi. Penye ufa hudondosha gundi nyepesi na kungoja ikauke. Kungoja huko ndiko nusu ya ufundi. Akipitiliza kidogo tu, kovu ambapo msuli ulijishikiza limefutika, na hakuna wa kulirudisha.

Kilima cha Tendaguru kiko kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi mwa Lindi. Tabaka zake hupokezana: zenye mifupa ya dinosaria, kisha jiwe la mchanga lenye makombe ya bahari, kisha mifupa tena, kwani pwani ya wakati huo ilikuwa ikisogea na kurudi. Mwaka 1909, miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji kuiacha kusini yote na njaa na makaburi, Wajerumani wakiongozwa na Werner Janensch walianza kuchimba hapo. Walichimba hadi 1913. Waliopiga majembe, waliofagia mifupa kwa burashi na waliofunga mizigo walikuwa watu wa kusini, mamia yao, wengi wakiwa wamekuja na wake na watoto.

Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mtu huyu alijifunza kuusoma mfupa ungali umezama nusu kwenye jiwe, akawafundisha wengine. Kila shimo na kila kipande vilipewa alama, ili kitakachofunguliwa ng'ambo kisipotee asili. Mifupa dhaifu ilivishwa vizimba vya mianzi vilivyofungwa imara. Mkono uliozoea kusuka dema na kufunga paa haukuwa mgeni wa mianzi, na ninaona hapo ujuzi wa nyumbani ukiingia kwenye sayansi bila kuomba ruhusa. Waingereza walipofika Tendaguru mwaka 1924, Boheti alifanya kazi nao pia.

Kisha safari. Zaidi ya tani 200 zilishuka Lindi kwa vichwa na mabega, siku kadhaa za njia kila mara, ndipo zikapakiwa melini. Wabeba mizigo wa Kariakoo wanaopenya umati na marobota ya vitambaa wangeielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Mtaa wao wenyewe ulikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Leo dinosaria mmoja aliyebebwa vile anasimama Berlin, kimo chake mita 13.27. Anastahili kustaajabiwa, nami sina kinyongo na wanaomstaajabia. Ila mtazamaji anapaswa kujua kwamba kila pindo safi la mfupa ule lilipita kwanza kwenye kidole cha mtu wa Lindi. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii. Ni heshima ya kweli, ingawa imechelewa karibu karne nzima.

Ukivuka Mnazi Mmoja kuelekea baharini unafika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Mkusanyo wake una mifupa ya kale kuliko hata ya Tendaguru, iliyotoka bonde la Ruhuhu, upande wa Songea. Huko ndiko alikoishi Teleocrater, mla nyama wa miguu minne wa miaka milioni 245 hivi, jamaa wa mababu wa dinosaria. Mifupa yake ya kwanza iliokotwa mwaka 1933. Mingine ikapatikana 2015, na ndipo 2017 akatangazwa rasmi kwa jina hilo. Kati ya kuokotwa na kutangazwa mna miaka 84, na sijui ni mingapi kati ya hiyo ilikuwa ya kungoja mikono.

Mikono ipo. Yule kijana wa simu ana jicho, ana subira, anajua kushika kitu chembamba asikivunje. Ningependa VETA, wenye mafunzo ya ufundi stadi, na Makumbusho wakae meza moja, wachukue vijana wachache wa Gerezani na wengine wa Lindi na Songea, wawape sindano, burashi, gundi na kipande cha jiwe la Ruhuhu ambacho bado hakijafunguliwa.