Jina na Mlima: Picha za Chapa za Chemchemi za Moto za Japani

Mtu azitazamaye picha za Japani zilizopigwa chapa kwa mbao, hasa zile za nchi ya chemchemi za maji ya moto, aweza kudhani amedanganywa: jina lasema maji, picha yaonyesha mlima. Katika mfululizo wa vituo 53 vya barabara ya Tokaido, uliochorwa na Hiroshige (1797–1858) na kuanza kutolewa yapata mwaka 1833, picha ya Hakone ina jabali la rangi nyingi, ziwa, na wasafiri katika njia nyembamba. Chemchemi zilizoipa Hakone sifa hazimo.

Kuliita jambo hili upungufu ni kusahau kwamba picha hizi husomwa kama zitazamwavyo. Jina nalo limechongwa ubaoni. Hiroshige alipoirudia Hakone mwaka 1852 kwa mfululizo wa chemchemi zake saba, moja ilikuwa Yumoto, yaani asili ya maji ya moto. Nyingine Ashinoyu, maji ya moto ya matete. Kijapani kina neno yu kwa maji ya moto, na mizu kwa maji baridi. Kiswahili hakina budi kuongeza sifa juu ya maji. Basi mfasiri aachaye jina Yumoto bila maelezo humnyima msomaji nusu ya picha.

Kosa kubwa zaidi ni kumtaja mchoraji peke yake. Kawase Hasui (1883–1957) alianza mwaka 1918 kwa picha tatu za Shiobara, mji wa chemchemi, zilizotolewa na Watanabe Shozaburo. Lakini mchongaji ndiye aliyekata mistari ubaoni, na mpiga chapa ndiye aliyeipangusa rangi hata ikafifia kidogo kidogo. Ukungu usifiwao katika picha za namna hii watoka katika mkono wake.

Septemba 1923, tetemeko la ardhi na moto wake viliteketeza mbao za Watanabe. Michoro yaweza kuchongwa upya. Mkono uliochonga kwanza haurudi. Nakala zilizokwisha kutawanyika mikononi mwa watu ndizo zilizobaki kuwa ushahidi wa kazi yake. Mhakiki azisomaye kwa haki atauliza kwanza picha yaitwaje, kisha nani aliichora, nani aliichonga, na nani aliipiga chapa.