Sitaha Isiyochorwa: Mabango ya Meli na Ukuta Mmoja wa Southall

Katika mkahawa mmoja wa Southall, magharibi ya London, imetundikwa nakala ya bango la safari za meli la miaka ya 1950. Meli, mnazi, bahari ya buluu isiyo na wimbi, binadamu hayumo. Wenye mkahawa ni wazawa wa Kenya, na wazee wao walivuka kutoka Bombay hadi Mombasa kwa meli za British India, zikiwemo Kampala na Karanja. Nimelitazama mara nyingi nikila mogo, jina walilolipa muhogo wetu.

Historia ya mtindo wa mabango haya inafahamika. Mwanzoni mwa karne ya 20 mchoraji aliionyesha meli kwa ubavu, dohani zikifuka, na madirisha ungeweza kuyahesabu. Kisha akaja Cassandre. Katika bango lake la Normandie, la mwaka 1935, tunasimama chini ya omo. Meli imegeuka ukuta unaopaa, na ndege wadogo wa chini ndio wanaotupa kipimo. Baada ya Vita Kuu ya Pili mistari ililegea, rangi zikang'aa, na kilichouzwa kikawa jua zaidi kuliko chuma.

Mhakiki wa leo huharakisha kusema kwamba mabango yaliwafuta abiria wa sitahani. Naiona hoja hiyo ina pengo. Mtu hafutwi katika barua asiyoandikiwa. Bango lilimsemesha mwenye hiari ya kuchagua chombo na daraja. Abiria wa sitahani alipanda na matandiko yake kwa kuwa kaka alikwisha kuandika kwamba Nairobi kuna kazi. Tangazo lake lilikuwa bahasha.

Kwa hiyo kinachonitatiza ni ukuta wa Southall wenyewe. Kwa nini kujitundikia picha isiyokulenga? Tena wengi wao hawakufika Uingereza kwa meli. Walikuja kwa ndege, wakiiwahi sheria ya uhamiaji ya Machi 1968. Wa Uganda wakafuata mwaka 1972, baada ya kupewa siku 90. Safari hizo hazina bango pale. (Meli iliyoitwa Uganda, ambayo zamani ilifanya safari za London na Afrika Mashariki, mwaka huo ilikuwa ikiwatembeza wanafunzi wa Kiingereza baharini.)

Nilikuwa tayari kuliita jambo hili hamu ya kuazima, na nilikwisha kuliandika hivyo, hadi mzee mmoja aliyekuwa meza ya jirani aliponiona nikinukuu. Aliinuka, akaweka kidole kwenye sehemu ya mbele ya ile meli.

"Mwalimu, sisi tulilala hapa. Mama alifunga kamba, akatundika shuka."

Pale alipogusa, mchoraji ameacha weupe mtupu. Nilisogea karibu. Kioo cha fremu kilikuwa na madoa ya vidole mahali hapo hapo, mengi, na mengine yalikuwa chini mno, kwenye kimo cha mtoto.