Hakimu wa Ngoma za Usukuma

Methali yasema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Neno hili ni zuri, lakini limeacha swali: nani mwenye kutuza, na kwa kipimo gani? Ngoma za mashindano za Wasukuma zina jibu lake la pekee, na Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, ni mahali pafaapo kulitazama.

Mavuno yakisha kuingia ghalani, kati ya Juni na Agosti, jamaa nzima hutoka: baba, mama, na bibi aliyemshika mjukuu mkono. Vikundi vya wachezaji huingia uwanjani kwa nyimbo na vishindo vya ngoma. Mgeni aliyezoea maandamano ya sikukuu za miji ya mbali angedhani kwamba kazi ya jamaa hao ni kusimama kando na kutazama. Sivyo. Wao ndio mahakimu.

Mchezaji huwa wa upande wa Wagika au wa Wagalu. Masimulizi ya pande hizi hurudi karne ya 19, kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindania ubora wa dawa zao. Dawa haikupimika kwa mizani, basi ikapimwa kwa ngoma: aliyevuta watu wengi zaidi alihesabiwa kuwa na dawa bora. Tangu hapo pande mbili huchezea uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila upande mwisho wake. Watu wako huru kukimbilia watakako, na ushindi ni wa wenye umati mkubwa zaidi.

Sheria hii ndiyo iliyoijenga sanaa yenyewe. Mtunzi hawezi kujificha nyuma ya maneno ya fumbo yasiyofumbulika, wala mchezaji hawezi kupumzika, maana mpinzani wake yuaonekana ng'ambo ya uwanja. Katika bugobogobo, ngoma iliyozaliwa na kilimo cha pamoja, jembe hurushwa juu likadakwa kwa kufuata mdundo. Watazamaji ni wakulima wa pamba na mtama; jembe lililoshikwa kwa uongo hulitambua mara moja. Hata mtoto hujifunza uhakiki kwa miguu yake: amvutapo mama yake kutoka upande huu hadi ule, amekwisha kutoa hukumu, na njiani huulizwa sababu.

Haki yataka kasoro nayo itajwe. Umati hupenda maajabu. Kuna wachezao na chatu, na wengine huleta fisi au nungunungu. Chatu anyanyuapo kichwa, mwimbaji mwenye maneno mazito hubaki na wasikilizaji wachache, ingawa wimbo wake utakumbukwa mwaka mzima na nyoka atasahauliwa jioni. Wingi si sawa na ubora. Hapo ndipo wapendao jopo la waamuzi hupata hoja yao, na hoja hiyo si dhaifu.

Lakini dawa yao ina gharama. Huko Rio de Janeiro, Sambadrome ilifunguliwa mwaka 1984, na humo shule za samba hupewa alama na waamuzi kwa vipengele vilivyoandikwa. Kipimo kilipata utaratibu. Jamaa waliokuja kutazama walipata viti. Karibu na nyumbani, viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, vilipokea maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane mwaka 2018, 2019 na 2020. Katika sherehe za namna hiyo ngoma aghalabu hupewa dakika chache mbele ya jukwaa la mgeni rasmi, kundi moja likimaliza ndipo jingine liingie. Mavazi ni yale yale, na mdundo ni ule ule. Kilichogeuka ni uso wa mchezaji: sasa humwelekea mtu mmoja aliyeketi, asiyeweza kuondoka hata akichoshwa. Makofi yake ni adabu, wala si hukumu.

Sheria ya zamani haijafa. Katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza, inayofungamana na sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, pande mbili bado hugombea umati kwa wakati mmoja. Waandaao sherehe za Bariadi wanaweza kuona huko kwamba heshima kwa mgeni haihitaji kuvunja mashindano. Kama wahofia kwamba chatu atamshinda mwimbaji, na waweke siku ya nyimbo peke yake, bila wanyama. Lakini wasiifunge miguu ya watazamaji. Kabla ya kutafuta waamuzi na kupanga viti, na waupime uwanja kwanza, waone kama ncha zake mbili zimeachana vya kutosha kwa bibi na mjukuu wake kuchagua pa kwenda.